Ukifika Cafayate, uliza maji kwanza

Ndugu wahitimu, na nyinyi wadogo wetu mungali kwenye masomo, leo tutoke inje kidogo. Tunavuka bahari ya Atlantika, tunafika Amerika ya Kusini, kaskazini-magharibi ya Argentina, kwenye kamji kanaitwa Cafayate. Ni mji wa shamba kabisa. Uko na watu elfu kumi na kitu, kanisa kubwa moja, uwanja wenye miti katikati, na mashamba ya mizabibu yanaanza pale nyumba zinaishia. Watu wanatoka Buenos Aires, Brazil na hata Ulaya kuja kuutembelea. Wanaonja divai, wanapiga picha za milima myekundu, kiisha wanarudi kwao.

Sasa mtu anaweza kuuliza: sisi inatuhusu nini? Wengi wetu hatutapanda ndege ya kwenda kule mwaka huu, tuseme kweli. Lakini kuna swali ambalo kila mtu aliyesoma uchumi, kilimo, sheria ao istoria anakutana nalo siku moja: inakuwa namna gani mji mdogo, wenye mvua kidogo, mbali na bandari na mbali na mji mkuu, unafika kuuza kitu ambacho dunia inakijua kwa jina? Na kitu kile kikishauzwa, faida inabaki kwa nani? Cafayate ni fasi nzuri ya kujifunzia swali lile, juu kila kitu kiko karibu na unaweza kukiona kwa macho: maji, udongo, mashini, na watu wenye ardhi na wasio na ardhi.

Tutembee basi, hatua kwa hatua, sawa vile mgeni anafika.

NJIA YA KUFIKA

Kutoka Buenos Aires mpaka mji wa Salta ni saa mbili hivi kwa ndege. Kwa bisi, ujue utalala njiani, maana ni karibu kilometri 1,500. Salta njo mji mkuu wa jimbo ambamo Cafayate iko. Pale unachukua bisi ingine ao gari ya kukodi, unafuata barabara ya taifa namba 68 kuelekea kusini, karibu kilometri 190. Bisi inaweza kuchukua saa nne hivi.

Kipande cha mwisho cha njia ile, wageni wengi wanasema kinatosha peke yake kulipa safari. Barabara inaingia ndani ya bonde linaitwa Quebrada de las Conchas. Huku na kule kuna kuta za mawe mekundu ambazo maji na upepo vimechonga kwa miaka mamilioni. Fasi zake ziko na majina. Moja ni Garganta del Diablo, maana yake Koo la Shetani. Ingine ni El Anfiteatro: pale mwamba umejikunja kama chungu kikubwa, sauti inazunguka ndani, na mara mingi utakuta mpiga gitaa anaimba bila mikro na kila mtu anamusikia muzuri.

Angalia kitu kimoja njiani mule. Milima ile ni mikavu. Unaona miiba, unaona mimea ya jangwa mirefu kama nguzo, mchanga, mawe. Kiisha, gari inatoka kwenye bonde, na ghafula unaona kijani: mistari na mistari ya mizabibu, imenyooka kama daftari. Mutu mwenye akili ya kuuliza atasimama pale na kusema: kijani hiki kimetoka wapi?

JIBU NI MAJI

Cafayate iko kwenye urefu wa metri karibu 1,680. Kwa kulinganisha, ni juu kidogo kuliko Bukavu. Lakini Bukavu inapata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kila mwaka, na Cafayate inapata karibu 200 tu, tena karibu yote inanyesha wakati wa joto, tangu mwezi wa 12 mpaka wa 3. Milima inazuia mawingu yenye maji. Kwa mvua ile peke yake, shamba la mizabibu haliwezi kuishi.

Maji yanatoka wapi basi? Yanatoka mlimani, kwa mito midogo inayoshuka, na chini ya udongo, kwa visima virefu. Namna ya zamani ya kumwagilia ni mifereji. Maji yanapita kwenye mfereji mkubwa, yanagawanywa kwenye midogo, na kila mwenye shamba iko na zamu yake: siku fulani, saa fulani, anafungua mlango wa mfereji, kiisha anafunga ili jirani apate. Namna mpya ni mipira myembamba yenye matundu, inaangusha maji tone kwa tone kwenye shina la kila mzabibu. Inaokoa maji mingi, lakini inaomba pesa ya kuanzia. Mkulima mdogo na kampuni kubwa hawaanzii fasi moja.

Hapa kuna jambo linashangaza wageni: ukavu ule ule unaosumbua watu unasaidia divai. Kwenye hewa kavu, magonjwa ya ukungu yanapungua, na dawa za kupulizia zinapungua vilevile. Mchana jua ni kali, zabibu inatengeneza sukari. Usiku baridi inashuka, na ile baridi inalinda uchachu wa tunda, uchachu ambao divai ikiukosa inakuwa nzito na haina uhai. Tena, kwa juu vile, mionzi ya jua inapiga kwa nguvu, na ngozi ya zabibu inakomaa kuwa nene, kama vile inajikinga. Rangi na ukali wa divai nyekundu vinatoka kwenye ngozi. Kwa hiyo divai nyekundu za bonde hili zinakuwa na rangi nzito sana.

Kitu cha tatu ni baridi ya mwezi wa 6 na wa 7. Wenzetu wa Lubumbashi wanajua miezi ile. Lakini Cafayate iko mbali zaidi upande wa kusini, na usiku inafika kuganda. Mzabibu unaangusha majani yote na unalala. Usingizi ule unausaidia kuamka wote pamoja na kutoa matunda kwa wakati mmoja. Njo maana urefu wa mlima peke yake hautoshi kufanya inchi ya divai. Kule Dodoma, Tanzania, ambako mizabibu inalimwa bila baridi ya namna ile, wakulima wanaulazimisha mti kupumzika kwa kuukata matawi na kupunguza maji, na wanaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Kwenye Cafayate mavuno ni moja tu, kati ya mwezi wa 2 na wa 4.

Kwa hiyo ukifika, swali la kwanza la kuuliza mwenyeji si bei ya chupa. Uliza: maji ya shamba hili yanatoka wapi, na wakati wa ukame nani anapunguziwa kwanza? Swali lile litakufungulia mazungumuzo marefu, maana kila hoteli mpya na kila shamba jipya vinakunywa kwenye kikombe kile kile.

Si maneno ya bure. Twende kidogo kusini, kwenye jimbo la Mendoza, zaidi ya kilometri 1,000 kutoka Cafayate. Mendoza njo moyo wa divai ya Argentina, inatoa sehemu kubwa kuliko majimbo yote. Ni jangwa pia, inaishi kwa maji ya theluji ya Andes, na iko na sheria ya maji tangu mwaka 1884. Mwaka 2007 walipitisha sheria ingine, namba 7722, inayokataza kutumia sianidi na sumu zingine kwenye uchimbaji wa madini. Mwezi wa 12 mwaka 2019, bunge la jimbo lilibadilisha sheria ile ili kufungulia madini mlango. Watu waliingia barabarani kwa maelfu: walimu, wanafunzi, wakulima, familia nzima. Hata mbele ya mwaka kuisha, mabadiliko yale yalifutwa na sheria ya zamani ikarudi. Sisi tunaotoka kwenye inchi ya madini tunaweza kuelewa bila kuelezewa sana. Mahali maji ni machache, divai na madini haviwezi kuamuliwa bila kuuliza watu wanaokunywa.

ZABIBU ILIYOZALIWA PALE PALE

Cafayate inajulikana kwa divai nyeupe inaitwa Torrontés. Istoria yake inastahili kujulikana.

Wahispania walileta mizabibu Amerika katika karne ya 16, kwanza juu ya divai ya misa. Kati ya aina zile, moja ilikuja kuitwa Criolla Chica. Ingine ilikuwa Moscatel de Alejandría, yenye harufu kali ya maua. Miti ya aina hizo mbili iliishi karibu karibu kwenye mashamba kwa miaka mingi, chavua ya moja ikaangukia ua la ingine, na mbegu ikatoa mtoto. Watu waliupenda mti ule mpya, wakaukatia vijiti na kuupanda fasi zingine. Miaka ya karibuni wanasayansi walipima ADN, wakahakikisha: Torrontés Riojano, ile inayolimwa sana Cafayate, ni mtoto wa Criolla Chica na Moscatel. Wazazi walitoka ngambo ya bahari. Mtoto alizaliwa Amerika ya Kusini.

Ukiinusa Torrontés, harufu inakudanganya. Unasikia maua, unasikia matunda yaliyoiva, unafikiri itakuwa tamu kama fanta. Ukiweka mdomoni, kumbe ni kavu, haina sukari. Wageni wengi wanacheka mara ya kwanza.

Zabibu nyekundu inayojulikana zaidi Argentina ni Malbec. Ile ilitoka Ufaransa, na katika mwaka 1853 Mfaransa mmoja mtaalamu wa kilimo, Michel Aimé Pouget, alikuwa akianzisha shule ya kilimo kule Mendoza ambamo miche kama ile ilipandwa. Inalimwa Cafayate pia, na juu ya urefu wa milima inatoka tofauti na ile ya Mendoza.

Sasa sikiliza vile uchumi ulibadilika. Karibu na mwaka 1970, mutu mmoja wa Argentina alikunywa, kwa wastani, karibu litri 90 za divai kila mwaka. Ilikuwa divai ya mezani, bei ndogo, wengine wanaichanganya na maji ya soda. Wakulima walitafuta uzito: kilo mingi, litri mingi. Mwisho wa miaka ya 1970 inchi ilikuwa na zaidi ya hekta 300,000 za mizabibu. Kiisha watu wakabadili desturi: bia, soda, maisha ya haraka ya mjini. Bei ikaanguka. Kwa miaka kama kumi na tano, zaidi ya theluthi moja ya mizabibu iling'olewa. Leo Mwargentina anakunywa chini ya litri 20 kwa mwaka.

Waliookoka ni nani? Wale waliokuwa na kitu ambacho hakipatikani kila fasi, na wakakubali kufanya kidogo lakini kizuri. Bonde la Cafayate lilikuwa na urefu wake, ukavu wake na zabibu iliyozaliwa inchini. Walitia jina la mji wao juu ya chupa. Tangu pale, anayenunua Torrontés ya Cafayate analipia tunda, analipia kazi, na analipia jina vilevile. Ile sehemu ya jina, mchuuzi wa zabibu mbichi haipati hata siku moja.

NDANI YA BODEGA

Nyumba ya kutengenezea divai wanaiita bodega. Kwenye Cafayate zingine ziko katikati ya mji, unaenda kwa miguu ao kwa kinga ya kukodi. Kuna kubwa zenye bustani na hoteli, na kuna za familia ambamo mwenyewe njo anakufungulia mlango. Tembelea walau moja ya kila namna, utaona tofauti. Kuna pia Museo de la Vid y el Vino, makumbusho ya mzabibu na divai, yaliyofunguliwa mwaka 2011. Anza pale, kwa sababu inaelezea hali ya hewa na istoria kwa picha na sauti.

Kazi ya kutengeneza divai si siri. Mutu yeyote aliyeona mama wa kijijini anatengeneza kasiksi anaelewa msingi wake: sukari ya tunda inakuliwa na hamira, inageuka kuwa pombe na hewa ya kaboni. Tofauti iko kwenye uangalizi. Kwa divai nyekundu, maji ya zabibu yanachacha pamoja na ngozi, ili yachukue rangi. Kwa divai nyeupe, zabibu inakamuliwa kwanza, ngozi inatolewa, maji yanachacha peke yake. Torrontés inachachishwa kwenye matangi ya chuma ambamo baridi inapimwa na kulindwa, juu joto likipanda harufu ya maua inakimbia. Kwa hiyo inakunywewa ingali changa, haingojewi miaka kumi. Nyekundu nzito zingine zinalazwa kwenye mapipa ya mbao.

Ukiletewa glasi, usimeze yote. Angalia rangi, zungusha glasi polepole, nusa, chukua kidogo, zungusha mdomoni. Kuna chombo cha kutemea, na kutema si aibu. Hata wataalamu wanatema, maana mutu akionja glasi kumi na mbili na kumeza zote hawezi tena kuhukumu ya kumi na tatu. Kama wewe hunywi pombe kwa imani yako ao kwa afya, sema tu. Ziara ya shamba na ya matangi inabaki na faida yake, na utakuta maji ya zabibu ao zabibu kavu. Anayeendesha gari asionje: sheria ya taifa ya mwaka 2023 inataka dereva awe na pombe sifuri kwenye damu.

Kumbuka saa. Mchana, tangu saa saba hivi mpaka saa kumi na moja, mji unalala. Maduka mengi yanafunga, barabara inabaki kwa mbwa na kwa wageni wasiojua. Wanaita siesta. Usikasirike, kaa chini ya mti kwenye uwanja wa katikati, ngoja.

WATU WALIOKUWA PALE KWANZA

Mgeni akikaa kwenye divai tu, anarudi na nusu ya mji. Nusu ingine iko kilometri karibu 50 upande wa kusini, ndani ya jimbo la Tucumán: magofu ya Quilmes.

Mji wa Cafayate wenyewe ulianzishwa mwaka 1840. Lakini mabonde haya, yanayoitwa Calchaquí, yalikuwa na watu wa jamii za Wadiaguita mamia ya miaka mbele ya pale. Waquilmes walijenga mji wa mawe kwenye mgongo wa mlima, na mashamba ya ngazi, na bwawa la kukusanyia maji. Ndiyo, maji tena. Wahispania walipokuja, Waquilmes na jirani zao walipinga kwa karibu miaka 130. Katika miaka ya 1660, gavana Alonso de Mercado y Villacorta aliwashinda kwa kuwazungushia na kuwanyima chakula. Kiisha waliobaki walilazimishwa kutembea kwa miguu zaidi ya kilometri 1,000, mpaka karibu na Buenos Aires. Wengi walikufa njiani na baada ya kufika.

Fasi ile walipopelekwa imekuwa leo mji mkubwa unaoitwa Quilmes. Kule ulizaliwa mtambo wa bia, na bia ikachukua jina la mji. Kwa hiyo leo, ukitamka Quilmes kwa kijana wa Argentina, mara mingi anawaza chupa ya bia mbele ya kuwaza taifa la watu. Jina limebaki, wenye jina wamesahauliwa. Kwa mutu anayesoma istoria, hapa kuna kitu cha kufikiri usiku.

Lakini wazao wao hawakuisha. Katika miaka ya 1990 magofu yalikuwa kwenye mikono ya mfanyabiashara, na hoteli ilijengwa ndani ya eneo lile lile ambalo jamii inaona ni takatifu. Jamii ya Waquilmes ilienda mahakamani, ilipinga, na mwisho wa miaka ya 2000 ilishika eneo yenyewe. Leo ukifika pale, anayekuongoza anaweza kuwa mjukuu wa wale waliofukuzwa. Mulipe kwa heshima, musikilize, usipande juu ya kuta kwa ajili ya picha.

Mbele kidogo kuna Amaicha del Valle. Jamii ya kule inashikilia ardhi yake kwa pamoja, na inasimamia haki ile kwa barua ya mfalme wa Hispania ya mwaka 1716. Mwaka 2016 ilifungua bodega yake, Los Amaichas, mali ya jamii nzima. Familia zenye vipande vidogo vya mizabibu zinaleta zabibu zao pale, na divai inatoka na jina la jamii. Bodega za namna ile, zinazomilikiwa na wenyeji wa kwanza wa ardhi, ni chache sana duniani. Si kubwa, na haitashindana na makampuni kwa wingi. Ila inaonyesha kwamba mkulima mdogo anaweza kumaliza kazi yake mwenyewe mpaka kwenye chupa, mradi ardhi iko yake na wenzake wako pamoja naye.

Karibu zaidi na Cafayate, kilometri chache tu, kuna jamii ya El Divisadero. Waongozaji wao wanapeleka wageni kwa miguu kando ya mto Colorado, mpaka kwenye maporomoko ya maji. Usiende bila wao: njia inapotea kati ya mawe, na pesa unayowalipa inabaki pale pale.

KAZI IKO KWA NANI

Wakati wa mavuno, utaona watu wanakimbia na visanduku begani. Kwenye mashamba mengi ya Argentina mvunaji halipwi kwa siku, analipwa kwa kisanduku cha karibu kilo 20. Akimwaga kisanduku kwenye lori, anapewa kidude cha chuma ao cha plastiki, wanakiita ficha. Mwisho wa juma anahesabu ficha zake, analipwa. Mwenye mbio anapata zaidi, mzee anapata kidogo, na mavuno yakiisha kazi inaisha. Ukionja divai, kumbuka vilevile mgongo ule.

Kuna pia kazi za waliosoma, na hapa wahitimu mufungue masikio. Bodega inahitaji mtaalamu wa divai, mtaalamu wa udongo, mutu wa maabara, mutu wa mashini za baridi, muhasibu, mwanasheria wa ardhi na maji, mchoraji wa karatasi ya chupa, mtafsiri, mwongozaji wa wageni. Chuo kikuu cha taifa cha Cuyo, kule Mendoza, kilianzishwa mwaka 1939 na kinafundisha kilimo na sayansi ya divai. Taasisi ya taifa inayosimamia ubora, Instituto Nacional de Vitivinicultura, iko tangu mwaka 1959: inapima divai na kuzuia wadanganyifu. Bila shule ile na bila mpimaji yule, jina la Cafayate juu ya chupa lingekuwa karatasi tu. Jina lina bei kwa sababu kuna mutu wa Leta anayehakikisha kwamba kilicho ndani ni kile kilichoandikwa inje.

MAMBO MADOGO YA SAFARI

Kwa atakayepata bahati ya kwenda, kwa masomo ao kwa kazi, haya yatasaidia.

Miezi mizuri ni wa 3 na wa 4, mavuno yangali yanaendelea na joto limepungua, ao wa 9 na wa 10, majani mapya yanatoka. Mwezi wa 2 kuna Serenata a Cafayate, tamasha la muziki wa kienyeji, tangu miaka ya 1970. Mji unajaa na vyumba vinapanda bei. Hata wakati wa joto, beba koti la usiku, na kofia ya mchana.

Luga ni Kihispania. Badala ya «tú» wanasema «vos», usishangae. Salamu ni busu moja kwenye shavu, hata kwa mutu unayemuona mara ya kwanza. Pesa ni peso, na bei zinabadilika haraka: mwaka 2023 peke yake bei zilipanda kwa zaidi ya 200 kwa mia. Usitegemee bei uliyosoma mwaka jana. Habari za viza, uliza ubalozi mapema sana.

Chakula ni kizuri. Empanada za Salta ni kama sambusa ndogo za kuoka, ndani nyama iliyokatwa kwa kisu pamoja na viazi. Humita ni mahindi mabichi yaliyosagwa na kupikwa ndani ya majani yake. Kuna jibini ya mbuzi. Kuna hata barafu tamu ya Torrontés, watu wanalamba kwenye uwanja wakati wa jioni.

TUFUNGE

Mtalii wa kawaida anauliza: chupa bei gani? Wewe uliyesoma, beba maswali matatu. Maji yanatoka wapi na nani anayagawa? Ardhi ni ya nani leo, na ilikuwa ya nani jana? Na kati ya tunda na chupa, kazi ngapi zinafanyika pale pale mjini, na ngapi zinafanyikia mbali?

Kwenye Cafayate majibu hayafanani kwa kila shamba. Kuna kampuni inayojibu vizuri la tatu lakini inanyamaza kwa la pili. Kuna jamii ndogo iko na jibu zuri la pili lakini inatafuta mashini ya la tatu. Na la kwanza, wote wanaliangalia mlimani kila mwaka, wakingoja kuona mito itashuka na maji kiasi gani.

Maswali yale matatu hayahitaji viza: yanaweza kuanza kazi kesho asubui, kwenye shamba la kwanza utakalopita.